Mtoto Niliyemzuia Langoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu wekeni pembeni. Mimi si mwandishi. Nimeishia darasa la nne, na mistari yangu bado inapanda kilima hata kwenye karatasi yenye mistari. Lakini nimesikia mnaandaliwa kuwa viongozi wa kambi ya watoto. Nimewaona mkishuka barabara ya kanisani na fulana mpya na filimbi shingoni, mmenyoosha vifua kama askari wa wiki ya kwanza. Sikucheka. Hata mimi nilitembea hivyo. Ndiyo maana nimekaa chini niandike kabla hamjakabidhiwa watoto wa watu.

Juzi nilikuwa nafungua mzigo wa majani makavu ya migomba nimtandikie ndama. Ulikuwa umenyeshewa, na ile harufu ikanipanda puani, harufu ya jani kavu lililopata unyevu, tamu halafu chungu. Nikasimama pale zizini na jani mkononi hadi mjukuu wangu akauliza, "Bibi, umeona nyoka?" Nikamwambia hapana. Sikuona nyoka. Nilisikia watoto sitini wanapumua juu ya majani kama yale, kwenye sakafu ya darasa, huku juu karibu na msitu wa Meru.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Shule ilikuwa imekwisha kwangu, kazi yangu ilikuwa majani ya ng'ombe na wadogo zangu. Siku moja Mwinjilisti wa mtaa wetu akaja nyumbani, akanywa chai, akamwambia baba anatafuta wasichana na wavulana wa kuwafundisha uongozi wa kambi ya Sunday school, ile ya likizo ya mwezi wa sita. Baba akasema, "Huyu wangu hajui kitu, anajua kupiga kelele tu." Mwinjilisti akajibu, "Mzee, watoto sitini! Kelele ndiyo ninayoitafuta." Wakacheka wote wawili. Mimi niliyekuwa nyuma ya mlango sikucheka. Nilishaanza kuwaza nitavaa nini.

Tulikuwa wanane katika mafunzo. Yalichukua wiki mbili, katika ile shule ya msingi iliyo juu ya Tengeru, ambako mwezi wa sita ukungu hushuka asubuhi ukakaa uwanjani kama ng'ombe asiyetaka kufukuzwa. Ninyi leo mnafundishwa kwa video. Sisi tulifundishwa kwa mikono. Tulijifunza kuhesabu watoto kwa kugusa kichwa, si kwa macho, kwa sababu jicho hudanganywa lakini mkono haugusi kichwa kisichokuwepo. Tulijifunza kuchemsha maji ya kunywa, kutoa funza bila kumliza mtoto, kuimba wimbo mmoja hata koo likikauka. Tulifundishwa kwamba kiongozi hulala amekingama mlangoni, ili mtoto akitoka amkanyage. Na kiongozi hula mwisho. Hilo la kula mwisho lilitushinda wengi.

Lakini amri iliyokuwa juu ya zote ilikuwa hii: mtoto hatoki kambini bila neno la Mwinjilisti. Si kwa mjomba, si kwa shangazi, si kwa mzee wa kanisa. Ilikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, mwanamume mmoja aliyegombana na mkewe alikuja kambini akachukua watoto wake kwa maneno matamu, akaenda nao mbali, mama yao akahangaika miezi akiwatafuta. Mwinjilisti aliapa halitatokea tena chini ya mikono yake.

Basi akatujaribu. Siku moja ya mafunzo alileta watoto watano wa majirani tuwalinde. Mchana akaja mtu mwenye koti zuri, tusiyemjua, akamwendea mwenzetu Roda aliyekuwa zamu langoni. Akamwambia kwa huruma, "Binti, nimetumwa nimchukue yule mdogo, mama yake anaumwa." Roda akamshika mtoto mkono akamtoa. Hata hatua kumi hawajafika, Mwinjilisti akachomoza nyuma ya stoo, akapuliza filimbi. "Roda! Umemuuza mtoto!" Yule mwenye koti alikuwa shemeji yake. Tulicheka tukashika mbavu. Roda alisugua sufuria siku tatu, na kila aliyepita alimwambia, "Shikamoo muuza watoto." Mimi ndiye niliyeanzisha salamu hiyo, msinitafutie mwingine.

Mwinjilisti akatuambia, "Atakuja mwingine. Sitawaambia siku, sitawaambia sura. Macho wazi." Nami nikajiapia kwamba mwingine huyo akija kwangu ataona cha moto.

Kambi ikaanza. Kila kiongozi alipewa watoto wake, mimi nikapata kumi. Mdogo kuliko wote alikuwa Aneti, miaka saba, ametoka huko chini upande wa Nduruma. Mama yake alimleta mwenyewe kwa miguu, na alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Alipumzika kwenye jiwe la langoni muda mrefu, amevua kanga ya kichwani anajipepea ingawa kulikuwa na baridi. Kisha akaniambia, "Dada, nakukabidhi. Huyu halali mpaka ameshika sikio la mtu. Mvumilie." Nikasema, "Usijali, mama, masikio ninayo mawili." Akacheka. Alikuwa na pengo la juu, hapa mbele. Akamtemea mtoto mate kidogo kifuani, ile baraka ya wazee wetu, akatazama huku na huku kama Mwinjilisti hajamwona, akashuka.

Ni kweli yule mtoto alishika sikio. Nililala mlangoni, yeye pembeni yangu, vidole vyake vya baridi vimeng'ang'ania sikio langu la kushoto. Mchana alinifuata kila mahali. Wenzangu wakaniita Mama Aneti, nami nikavimba kichwa. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi ile.

Na nilikuwa na ujanja wangu. Watoto kumi ukiwaambia wafumbe macho wasali, watano wanafumba, watano wanachungulia na kufinyana. Mimi nikawaambia, "Anayefumbua macho, sala yake haipandi. Inaanguka chini hapo hapo kama jiwe." Hilo Mwinjilisti hakunifundisha. Nililitunga mwenyewe. Lilifanya kazi ajabu. Walifumba macho mpaka nyuso zikakunjamana, na viongozi wengine wakaja kuniuliza nawafanyaje.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko Tengeru. Mwinjilisti aliteremka alfajiri kununua unga na maharage, akasema atarudi jioni. Mama Kundaeli, mpishi wetu, mjane mwenye sauti nzito aliyetulea wote kama vifaranga vyake, alikuwa ameenda mferejini kuosha vyombo na kufua. Wenzangu walikuwa uwanjani na michezo. Langoni ilikuwa zamu yangu, pamoja na watoto wangu kumi. Lango lenyewe lilikuwa miti miwili imelazwa.

Kwenye saa tatu, ukungu haujainuka wote, akatokea mtu. Alivaa shuka, viatu vya matairi, kofia ya pama iliyochoka. Miguu ilikuwa na tope hadi magotini. Mkononi fimbo ya kuchungia.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mmeamka?"

"Tumeamka, baba. Za huko?"

"Za huko nzuri." Akaipanga fimbo yake vizuri juu ya ule mti wa lango. "Nimekuja kumchukua Aneti. Mama yake anamwita mara moja. Atarudi."

Nikajisemea: huyu hapa! Amekuja!

"Mama yake ana nini?" nikauliza, na tayari nilikuwa nazuia tabasamu.

"Homa. Homa kidogo."

Vijana, hapa nataka mnielewe. Kwetu habari mbaya haitembei uchi. Mtu haji akasema fulani anakufa, sembuse mbele ya mtoto, sembuse kumwambia msichana mdogo wa langoni. Anasema ni homa, ni kidogo, anaitwa mara moja. Ukubwa wa habari unausoma usoni pa aliyeileta, si mdomoni mwake. Mimi nililijua hilo. Bibi yangu mzaa baba alipofariki, tuliambiwa shambani kwamba "bibi amechoka kidogo, njooni." Nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini siku ile nilikuwa na filimbi shingoni, na filimbi ilikuwa imenifundisha jambo lingine.

Aneti alimwona akapiga mbio. "Baba mdogo! Umeniletea nini?" Yule mtu akamwekea mkono kichwani. Nami badala ya kusema "basi ni ndugu yake kweli," nikasema moyoni, Mwinjilisti safari hii amekuwa mjanja, amemtuma ndugu kabisa.

"Karibu chai, baba, uji pia upo."

"Ahsante, mama. Sinywi."

Mtu ametembea kutoka Nduruma hadi mlimani, tangu giza halijatoka, baridi ile, anakataa chai! Hata mtoto wa kwetu wa miaka mitano angejua kuna kitu kimemkaa kifuani. Mimi nilidhani mwigizaji amesahau sehemu yake. Alikuwa anaangalia chini, nikamwona hajui kuigiza vizuri kama yule shemeji mwenye koti. Mungu anisamehe, nilimwonea huruma kwa hilo tu, kwamba ameshindwa mchezo.

Nikapaza sauti, nikaielekeza kule kwenye stoo, ili anayejificha anisikie vizuri. "Mtoto hatoki kambini bila neno la Mwinjilisti!"

Yule mtu akageuka kuangalia ninasema na nani. Stoo ilikuwa tupu. Kulikuwa na kuku mmoja.

"Na Mwinjilisti atarudi lini?"

"Jioni."

"Jioni," akarudia. Akatafuta jua ndani ya ukungu. "Mama, mimi siwezi kungoja jioni."

"Basi, baba, nenda salama. Jumapili kambi inafungwa, tutamleta wenyewe kwa nyimbo. Na sasa hivi tutamwombea huyo mama homa ipungue."

Nikawapigisha magoti watoto wangu kumi pale pale kwenye majani yenye umande. Nikawakumbusha, "Macho!" Yule mtu akavua kofia yake akaishika kifuani kwa mikono miwili. Nikaomba kwa sauti kubwa, maombi marefu, mazuri, huku nusu ya akili yangu iko stoo. Niliomba kwamba homa ile ndogo imtoke mama Aneti kama vumbi linavyotoka kwenye mkeka. Nilijivunia hilo la mkeka.

Nilipomaliza alikuwa bado ameinamisha kichwa. Akasema taratibu, "Mimi si mtu wa kanisa, sijabatizwa. Taratibu zenu sizijui. Ninyi ndio mnaojua." Akavaa kofia. Akamwangalia mtoto mara moja, akateremka, na nilimwona anakwenda mbio mbio kama mtu aliyesahau moto jikoni. Angeweza kumbeba mtoto wake akaenda naye. Ningefanya nini mimi? Alituheshimu. Aliiheshimu ile filimbi.

Nilikaa saa mbili nzima nikisubiri Mwinjilisti atokeze mahali anipongeze.

Mama Kundaeli alirudi na karai kichwani karibu na saa tano. Nikamkimbilia. "Mama, nimemshinda! Mtu wa Mwinjilisti amekuja, nimemshinda, sikumtoa mtoto!"

"Mtu gani wa Mwinjilisti? Mwinjilisti ameenda soko."

"Huyo wa kujaribu. Eti baba mdogo wake Aneti. Eti mama yake ana homa kidogo."

Akatua karai. "Alivaaje?"

Nikamwambia.

"Miguu yake?"

"Ina tope."

"Chai alikunywa?"

"Alikataa."

"Alikaa?"

"Hapana, mama. Alisimama tu."

Sijasahau uso ule. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema kwa Kimeru neno ambalo sitaliandika, kisha kwa Kiswahili, pole pole, "Wewe mtoto. Yule mwanamke ana mimba ya siku hizi hizi. Umesoma nini hapa wiki mbili?"

Aliwakabidhi wenzangu jiko. Akamfunga Aneti mgongoni kwa kanga, mtoto wa miaka saba, mzito, akanishika mkono, tukateremka. Tulipita kahawa, tukapita migomba, tukavuka barabara kuu ya lami, tukaingia huko chini kwenye joto na vumbi na mahindi makavu. Aneti aliona ni sherehe. Alikuwa anaimba nyimbo za kambi mgongoni pa Mama Kundaeli, na kunidai niitikie. Niliitikia. Hilo nalo nililifanya.

Tulifika kwenye saa tisa. Sikuhitaji kuambiwa. Wanaume walikuwa wamekaa nje mstari mmoja, hawaongei, na kwenye moto wa uani hakukuwa na sufuria. Baba mdogo alisimama aliponiona. Sikuona hasira usoni pake. Aliniita tena mama. "Mama, mmefika."

Aneti aliruka chini akakimbilia ndani, na kabla mtu hajamdaka tukasikia sauti yake. "Mama! Homa imepona? Tulikuombea!"

Nitawaambia yaliyotokea, kwa kuwa Mama Kundaeli aliambiwa na wanawake wa pale, naye akaniambia mimi tukiwa njiani kurudi, bila kunipunguzia. Mtoto alikuwa amezaliwa tangu jana yake, damu haikukatika. Hakukuwa na gari wala njia ya gari. Yule mama aliona mwenyewe anakwenda, akasema anamtaka Aneti tu. Ndipo shemeji yake, yule baba mdogo, akaondoka kabla hakujapambazuka. Aliporudi peke yake alimkuta bado anapumua. Akauliza, "Yuko wapi?" Na yule mwanamume mpole akamjibu, "Anakuja, yuko nyuma, miguu yake ni mifupi." Yule mama akageuza uso kuelekea mlangoni. Wakataka kumpa maji, akakataa kugeuka. Alikata roho wakati ng'ombe wanarudi kunywa maji ya mchana, anatazama mlango. Tangu siku ile ninajua hesabu moja ambayo sikufundishwa shuleni. Kama tungetoka saa tatu, tungefika.

Mwinjilisti alinisikiliza jioni ile hadi mwisho. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nimevua filimbi nimeiweka mezani. Nilitamani anichape. Alisema, "Amri uliishika," akageukia dirisha. Basi. Jumapili kambi ilipofungwa alitufunga wote wanane vitambaa vya uongozi mabegani mbele ya wazazi. Alipofika kwangu vidole vyake havikuweza kufunga fundo, akarudia mara tatu. Watu walipiga makofi. Sikuwahi kuongoza kambi tena. Nilisema nina kazi ya ng'ombe.

Na hakuna aliyenilaumu, sikilizeni. Hiyo ndiyo desturi yetu, mazito tunayafunika. Mama Kundaeli hakulirudia tena. Nyumbani kwetu hawakujua. Mimi niliolewa, nikazaa, nikazeeka kidogo kidogo na lile jambo ndani.

Yule mtoto mchanga aliishi wiki moja akamfuata mama yake. Aneti alilelewa na bibi yake aliyekaa huku juu kwetu. Alipokuwa mkubwa aliolewa akahamia mjini, Themi, lakini ibada kubwa na sherehe za ukoo alikuwa akirudi huku kwetu. Nilikuwa namwona kanisani miaka na miaka. Kila ulipofika wakati wa sala alijifunika kanga usoni, akaibana kwa mikono yote miwili, hata kiti chake kikatikisika. Watu walisema yule mama ana maombi. Mimi pia nilisema hivyo. Nilidhani ni ucha Mungu.

Siku moja kulikuwa na arusi ya jirani. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano tunamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, utani ni mwingi. Mmoja alisema, "Menyeni nyembamba, bwana arusi hana meno." Mwingine akajibu, "Anayo, ila ameyaweka benki." Aneti alikuwa amekaa karibu yangu, anacheka, na akicheka lile pengo la mama yake linaonekana hapa mbele. Lilinishinda. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Aneti, nina deni lako. Mimi ndiye niliyekuzuia langoni. Nilidhani baba yako mdogo ametumwa kunijaribu. Nisamehe."

Akaendelea kumenya. Akamaliza ndizi ile, akaitia kwenye maji.

"Dada, wewe hukukosa kitu," akasema. "Ni mimi."

"Wewe ulikuwa na miaka saba."

"Nilifumbua macho." Alisema hivyo kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. "Ulipokuwa unamwombea mama. Nilitaka kuona kama baba mdogo amefumba. Nikaona machozi yanamtoka, yanaingia kwenye ndevu. Sikuwahi kumwona mwanamume analia, nikaendelea kuangalia mpaka amina. Sala ikaanguka. Nilijua tangu pale pale."

Nilimwangalia. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya arobaini, ana watoto watatu, ana duka la vitambaa.

"Aneti. Lile nililitunga. Nililitunga ili msifinyane. Hakuna sala inayoanguka."

Akanitazama. Muda mrefu alinitazama, kisu kimesimama hewani, na yule mwenye utani akatuuliza sisi wawili tumekula nini. Kisha Aneti akasema, "Haya, dada," kama anavyoambiwa mtoto anayesumbua. Akachukua ndizi nyingine. Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma yake makusudi. Wakati wa sala alijifunika kanga kama zamani. Bado anajifunika. Nimemwambia mara tatu tangu siku ile, na kila mara ananijibu haya.

Kwa hiyo ninyi, mkiona mnajua sana kushika amri, mkumbukeni mtu aliyesimama mbele yenu na tope magotini. Mwangalieni uso. Na mtoto msimwambie jambo la Mungu kwa ajili ya kumnyamazisha tu. Mtoto halisahau.

Lakini nimezunguka mno, na mkono unauma. Nimalizie na la nyumbani kwangu. Mwaka huu tumemzika binti yangu wa pili. Aliumwa haraka. Daktari alipotuita na kutuambia hazizidi siku mbili, wanangu walikaa sebuleni wakaanza kupanga maneno ya kumwambia mtoto wake, aliyeko shule ya bweni kidato cha pili. Huyu anasema aambiwe kuna kikao cha ukoo. Yule anasema aambiwe mama yake ana malaria. Mkwe wangu akasema tungoje mitihani iishe. Mtoto yule alifika. Alikaa na mama yake mchana mmoja na asubuhi moja, wakasemezana, akapewa baraka, na alikuwa amemshika mkono alipokata roho. Alilia hadi tukaogopa, lakini alilia akijua analia nini. Alifika kwa sababu niligonga meza ile jioni ya kupanga uongo, nikawaambia wote, wakubwa na mvi zao:

"Mpigieni mwalimu wake sasa hivi, ampe mtoto simu, mwambieni mama yake anakufa na anamtaka. Litamkeni neno lenyewe. Asiyeweza kulitamka aende akawashe gari akamlete."